Mawe ya Mwanza hayaoti: uzi wa jinsi jiwe linavyooza mpaka linakuwa udongo

Mjukuu wa Guku (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu. Wenye usingizi laleni, huu uzi ni mrefu.

Nipo Mwanza, Igogo, nyumbani kwa bibi, wiki ya pili hii. Jana tumebishana mpaka chai ikapoa. Nyuma ya nyumba kuna jiwe kubwa kama Hiace na bibi anasema linaota. Hatanii, ushahidi anao: alipoolewa hapa mwaka 1968 lilikuwa linamfika magotini, anaanikia dagaa juu yake huku anaongea na jirani. Leo linamzidi kimo, dagaa anamtuma mtoto apande. Sasa we jaribu kumwambia mtu wa miaka karibu themanini kwamba jiwe haliwezi kuota, anakuuliza swali moja tu, "kwa hiyo mimi ndo nimefupika?" Watu wanacheka, we unabaki unakoroga chai ambayo haina sukari.

Leo asubuhi nikamshika mkono nikampeleka. Lile jiwe ukiliangalia vizuri lina rangi mbili. Juu ni kijivu cha kuelekea weusi, limejaa yale madoa ya kijani mpauko na ya machungwa, yameganda kama rangi ya mafuta iliyomwagika ikakaukia hapo. Halafu kuna mstari, utadhani fundi kapiga kamba, na chini ya ule mstari jiwe ni kahawia ya kutu, halina doa hata moja. Nikapima kutoka kileleni mpaka kwenye mstari. Urefu wa goti la bibi, sawasawa.

Pale ndo ardhi ilipokuwa 1968. Jiwe halijasogea hata unywele. Udongo ndo umeshuka, mvua imechukua wake, watu wamechota wa kujengea, kuku wamepekua, na huku kwetu mlimani ukishalegeza udongo maji ya masika hayakuulizi unaupeleka wapi. Bibi akaangalia mstari, akaangalia goti, akasema "haya". Akaingia ndani. Ile "haya" sijui maana yake mpaka sasa.

Ila swali kubwa zaidi ni hili: ule udongo uliokuwa umelizunguka jiwe ulitoka wapi? Wengi tunadhani jiwe ni kitu kimoja na udongo ni kitu kingine, vimekutana tu. Wakuu, ule udongo NI jiwe. Ni jiwe lile lile limeoza. Naendelea, nachaji simu kidogo.

Kiti cha Mbele

Naweka kambi hapa.

Ng'wana Mabatini

Mkuu karibu nyumbani. Mimi sikupingi ila nina swali. Kama hayaoti, haya mawe ya huku nani kayafanya ya mviringo na nani kayapanga moja juu ya jingine? Pita Capri Point, pita Kitangiri, nenda kaangalie lile la Bismarck pale ziwani, limekaa juu ya wenzake kama mtu kalibandika kwa mkono. Mimi nilikuwa naambiwa zamani ziwa lilikuwa juu, mawimbi yakayasugua.

Mjukuu wa Guku

Swali zuri sana hilo, na hiyo stori ya mawimbi hata mimi nimekua nayo. Ila panda juu kabisa kwenye vilima vya Serengeti, kule Simba na Moru katikati ya mbuga, utakuta mawe ya aina hii hii, duara hivi hivi, yamebebana hivi hivi, na hakuna ziwa.

Kabla sijajibu niseme mimi ni nani msije mkasema najifanya profesa. Nimekua napasua kokoto na mama, baadaye nikafanya kazi miaka 6 Geita ya kuwabebea wajiolojia sampuli. Cheti sina. Ila ukikaa na watu wanaoongelea mawe kuanzia asubuhi mpaka usiku na wewe yanakuingia.

Haya sasa. Mawe yetu ni graniti, vitabu vya zamani vinaita itale. Umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 2.5, yaani ni kati ya miamba mizee Afrika, na haikuzaliwa hapa juu. Ilipoa taratibu kilomita nyingi chini ya ardhi, imegandamizwa na uzito wa milima iliyokuwa juu yake. Ile milima imeliwa kidogo kidogo mpaka imekwisha, mzigo ukapungua, mwamba ukapumua. Na ukipumua unapasuka. Unapata nyufa za kwenda chini na nyufa za kulala, zinakatana, mwamba wote unakuwa kama matofali makubwa yaliyobanana chini ya ardhi. Matofali yenye kona, sio duara.

Sasa chukua sabuni ya mche. Ikate kipande, ina kona nzuri kabisa zinachoma kidole. Iache kwenye beseni la maji usiku kucha. Asubuhi kona hazipo. Kwa nini? Kona inashambuliwa na maji kutoka pande tatu, ukingo unashambuliwa pande mbili, ubapa upande mmoja tu. Kona inatangulia kufa. Ndo hicho hicho kinachotokea kule chini: maji ya mvua yanaingia kwenye nyufa, yanakula kona kwanza, baada ya miaka mingi mno lile tofali linabaki yai, na linazungukwa na jiwe bovu ambalo ukilishika linamomonyoka mkononi kama chila. Baadaye mvua inasomba lile bovu, mayai yanashuka taratibu yanakaliana pale pale yalipokuwa. Kwa hiyo hakuna aliyeyapanga ndugu yangu. Hayajawahi kupanguliwa.

Bismarck hivyo hivyo. Wajerumani waliliwekea jina la kansela wao, ila umbo lilikamilika kabla hajazaliwa mtu yeyote anayeitwa kitu chochote.

Dogo wa Fomu Tatu

Shikamoo wakubwa. Sisi tumefundishwa kitu kinaitwa wedheringi, yaani mwamba kuvunjika na kuoza, mwalimu kasema mchana jua linapasha mwamba unatanuka, usiku baridi unasinyaa, ukifanya hivo kila siku unapasuka. Mbona hujalitaja jua kaka? Mtihani wetu una hilo swali.

Mjukuu wa Guku

Marahaba dogo. Kwenye mtihani jibu alivyosema mwalimu, usije ukafeli kwa ajili yangu.

Ila chukua na hii ya pembeni. Mwaka 1936 Mmarekani mmoja, David Griggs, alikuwa na ubishi huo huo akaamua kuumaliza maabara. Akachukua kipande cha graniti akakipasha, akakipoza, akakipasha, akakipoza, mara 89,400. Hiyo ni sawa na jua na usiku wa miaka 244. Alipokiangalia kwa hadubini, hola, hakuna kilichobadilika. Akarudia tena lakini safari hii wakati wa kupoza akatumia maji. Haikuchukua muda nyufa zikaanza kuonekana.

Maji, dogo. Kila ukichimba habari ya jiwe kufa unamkuta maji kasimama mlangoni.

Wapo waliokuja baadaye wakasema Griggs kalionea jua, kipande chake kilikuwa kidogo, hakijabanwa na wenzake kama mwamba wa kweli, na wana hoja. Mwezi Agosti 2014 kule Twain Harte, California, mwamba mzima wa graniti ulipasuka mchana wa joto watu wanauangalia, wakarekodi na video, unasikia mlio kama bunduki na maganda yanainuka. Lile jua halikuupasua peke yake, mwamba ulikuwa tayari una mkazo wa tangu uko chini, jua likamalizia. Mimi utotoni nimeshasikia mlio kama huo mlimani saa 8 mchana, guku (babu kwa Kisukuma) akasema shetani anafungua sanduku.

Mama Kokoto

Wanangu habari za humu. Mimi sijasoma hayo ya Marekani lakini nimepasua mawe tangu mwaka 1994, nimesomeshea watoto watatu. Niwaambie tunavyofanya. Huwezi kulipiga jiwe zima kwa nyundo, litakuchosha mkono litakucheka. Kwanza unaligonga pole pole ukisikiliza. Likilia "ngiii" kama kengele hilo ni zima, achana nalo. Likilia "bo, bo" kama mtungi, ujue chini kuna ganda limeachia. Hapo ndo unaweka moto, zamani kuni siku hizi matairi, Mungu atusamehe kwa ule moshi, unawasha jioni. Usiku unasikia linapasuka pa! pa! Asubuhi unakuta ganda limenyanyuka unene wa kiganja, unalitoa kwa mtaimbo, unakaa chini ya mwavuli unaanza kuponda.

Zamani tulikuwa tunamwagia na maji likiwa la moto. Yule Griggs angekuja kwetu asingepoteza muda wote huo.

Mjukuu wa Guku

Mama shikamoo, umenirudisha mbali. Huo mlio wa "bo, bo" mama yangu alikuwa anasema "jiwe lina njaa".

Wadau mnaona hapo, wapasua kokoto hawavunji jiwe, wanamalizia kazi ambayo mlima ulishaianza. Lile ganda lililoachia ndo ule mpumuo niliousema, mwamba unavuka maganda kama kitunguu. Na moto nao una siri yake, ndani ya graniti kuna punje za aina tatu hivi: zile za kung'aa kama chupa ni kwatsi, zile nyeupe au za pinki ni feldispa, na vile vimagamba vyeusi vinavyometameta ni ulanga. Kila mmoja anatanuka kwa mwendo wake. Kwatsi ikifika nyuzi 573 inabadilika mpangilio wake ghafla na kuvimba, wenzake hawajawa tayari, ndoa inavunjika. Moto wa nyika nao unafanya hivyo hivyo, ukipita porini baada ya moto utakuta mawe yamebanduka vipande vyembamba kama vigae, safi kabisa upande wa ndani.

Bonge la Bwana

Kwa hiyo mkuu nikienda kutembea kisiwa cha Saanane nisikanyage mawe yasije yakanipasukia 😂

Mjukuu wa Guku

Bonge we nenda tu, ila kwa uzito huo tahadhari ichukue jiwe. Halafu ukifika angalia zile michirizi nyeupe kwenye kuta za mawe, watu wanadhani ni chokaa. Ule ni mkojo wa pimbi. Wanakojoa sehemu moja vizazi na vizazi.

Turudi kwenye mada. Kupasuka ni nusu ya habari. Ukipasua jiwe vipande milioni bado una jiwe, dogo dogo. Kuoza ni kitu kingine.

Mvua inaposhuka inachukua hewa ukaa njiani, inakuwa na uchachu kidogo, kidogo sana, hata soda inaizidi. Lakini ikishaingia ardhini inakutana na mizizi inayopumua na majani yanayooza, huko hewa ukaa ni nyingi mara nyingi kuliko angani, uchachu unaongezeka. Hayo maji yakikaa kwenye ufa yanaigeukia feldispa. Kwatsi hayaiwezi, ulanga mweusi unatoa kutu, feldispa inageuka mfinyanzi. Mtu mmoja kati ya watatu kashaoza, wenzake watashikiliwa na nini? Jiwe linalegea. Kwatsi inabaki mchanga, ndo huo mchanga mnaonunua kwa tripu. Feldispa imekuwa udongo wa mfinyanzi. Kutu inavipaka vyote rangi nyekundu, ndo wekundu wa udongo na wa moramu ya barabarani. Na kule Pugu, nje kidogo ya Dar, kwenye ule udongo mweupe maarufu, unaona mfinyanzi wa feldispa ukiwa karibu hauna kutu. Hata ile pemba kina dada wakiwa wajawazito wanaitafuna, mnatafuna mwamba uliooza, sina ubaya na mtu.

Na hapa ndo kuna jambo ambalo lilinishangaza mimi mwenyewe nilipoelezwa mara ya kwanza. Jiwe lililo juani, limesimama uchi, linadumu kuliko lililofunikwa na udongo. Unadhani udongo unalilinda, kumbe unalishikia maji. Juu mvua ikinyesha inateleza, saa moja pamekauka. Chini unyevu haukauki mwaka mzima. Graniti iliyo wazi inapoteza mita chache tu kwa miaka milioni. Ile iliyozikwa inaliwa polepole kila siku.

Kifusi wa Geita

Nimeipenda hii. Mgodini hiyo tunaiona kwa macho mkuu. Ukianza duara, yaani shimo la mgodi, mita za mwanzo unachimba na sururu tu, mwamba laini, rangi nyekundu, njano, mara zambarau, unajisifu una nguvu. Ukishuka zaidi rangi inageuka bluu ya kijivu, sururu inaruka inatoa cheche, hapo utatafuta baruti. Na dhahabu yenyewe inabadilika, ile ya juu zebaki inaikamata vizuri, ya chini unasaga mbale (mawe yenye dhahabu) nzuri kabisa unaosha hupati kitu, iko ndani ya ile madini ya njano inayong'aa inayodanganya wageni. Sisi tunasema mwamba wa juu umeiva na wa chini mbichi.

Mjukuu wa Guku

Umeiva! Hilo neno zuri kuliko la kwangu. Na ndivyo ilivyo, ile madini ya njano ni chuma na salfa, ikikutana na maji na hewa inapata kutu, inaachia dhahabu iliyokuwa imefungiwa. Pale kijivu kinapoanzia ndo hewa imeishia.

Mwarusha Mpagazi

Salamu kutoka Moshi. Huku kwetu maji yana mbinu nyingine. Kule juu Kibo, kilele cha Kilimanjaro, usiku kila kitu kinaganda, mchana kinayeyuka, mwaka mzima, sio kama Ulaya wanaosubiri msimu. Maji yanaingia kwenye ufa mchana, usiku yanakuwa barafu, barafu inataka nafasi zaidi. Nimewahi kusahau chupa ya kioo nje ya hema, asubuhi nikakuta vipande vya chupa na barafu yenye umbo la chupa imesimama. Sasa fikiria jiwe.

Ndo maana kutoka Kibo Hut kwenda Gilman's, pale ukingoni mwa kreta, yote ni changarawe, unapanda hatua mbili unarudi moja. Tunawaamsha wageni saa 6 usiku, wanadhani ni kwa ajili ya kuona jua likichomoza tu, kumbe na changarawe ikiwa imeganda inakanyagika. Jua likishapiga inaanza kutembea, na mawe yanaanza kushuka. Njia ya Western Breach mwezi Januari 2006 mawe yaliporomoka yakaua wapandaji watatu. Asubuhi huwa tunasikiliza kabla ya kuongea.

Mjukuu wa Guku

Pole sana kaka kwa hizo kazi. Kwa faida ya wadau, maji yakiganda yanaongezeka ujazo kama asilimia 9, na hakuna jiwe linaloweza kuyaambia subiri. Huku Mwanza hatuna hiyo. Sisi kinachotukuta ni mizizi, mkuyu ukipata ufa mdogo unaingiza mzizi mwembamba kama uzi, baada ya miaka 30 ule mzizi ni paja la mtu.

Fundi wa Mji Mkongwe

Assalaam alaykum. Nimesoma uzi wote, mashaallah. Sisi Unguja hatuna graniti, mawe yetu ni matumbawe, na ugonjwa wake mwengine kabisa. Mtu akitaka kujua tofauti achukue ndimu, akamulie kwenye jiwe la matumbawe, ataona linatoa povu dogo dogo. Akamulie graniti, atakuwa kapoteza ndimu yake. Chokaa haiozi ikawa udongo, inayayuka, inakwenda zake na maji. Watu wa Tanga waangalie ndani ya mabirika yao, ule ukoko mweupe ni jiwe lililokuwa limeyayuka ndani ya maji, limerudi kuwa jiwe. Mapango ya Amboni ni hadithi hiyo hiyo kwa ukubwa.

Lakini adui wetu sisi ni chumvi. Upepo wa bahari unaileta, ukuta unainywa na unyevu, jua likipiga maji yanatoka chumvi inabaki ndani ya vitundu vya jiwe inafanya fuwele, inakua, inasukuma. Utaona ukuta unatoa unga mweupe, ukipitisha kidole plasta inakuja nayo. Sasa mwenye nyumba anaona aibu, anaita mtu anapiga saruji. Nyumba inapendeza miaka miwili. Saruji haipumui, unyevu unanasa ndani, chumvi inafanya kazi gizani, siku saruji inapobanduka inaanguka pamoja na nusu ya ukuta. Nimetengeneza kuta za namna hiyo si chini ya ishirini. Wazee walipaka chokaa kila baada ya misimu kwa sababu chokaa inakubali kufa badala ya jiwe.

Ng'wana Mabatini

Fundi umemaliza, "inakubali kufa badala ya jiwe" naiandika mahali.

Sasa mkuu mleta uzi, Kondoa kule makorongo yale, na zile nguzo za Isimila Iringa, ni kuoza au ni nini?

Mjukuu wa Guku

Vile ni mmomonyoko, usichanganye. Kuoza ni jiwe kuharibika likiwa pale pale lilipo. Mmomonyoko ni kubebwa. Moja anapika mwingine anapakua. Isimila ni mchanga ulioshikamana, maji yakauchonga yakaacha nguzo. Kondoa ni udongo ambao ulishatengenezwa miaka mingi sana, ukavuliwa miti na ukakanyagwa na mifugo ukaondoka kwa kasi kuliko mwamba unavyoweza kutengeneza mwingine, ndo mpaka serikali ikaleta mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na mwaka 1979 ikaamua kuhamisha mifugo yote kwenye eneo lile. Mwamba hauharakishwi. Ukishapakua chungu chote unasubiri mpishi ambaye anapika kwa maelfu ya miaka.

Sasa niseme kilichonifanya nianzishe uzi wenyewe, maana ubishi wa bibi ulikuwa mlango tu.

Jirani yetu wa juu kidogo anajenga. Kiwanja hakitoshi, mlima una mwinuko, kapata vijana wanamchimbia nyuma kupata sebule. Nyuma yake kuna jiwe, la bibi ni mtoto. Nimepanda juzi kuangalia, wamechimba udongo wote wa chini upande wa mbele, jiwe linaning'inia kama meza, wao wanakula mihogo kivulini chini yake. Nikawauliza mbona mmelichimbua, mmoja akaniambia "hili halina mwisho broo, limeshuka mpaka katikati ya dunia".

Wakuu, halijashuka popote! Ndo maana nimewapitisha kwenye sabuni ya mche na mayai. Mengi ya haya mawe ni mayai yaliyoachwa kwenye udongo wao. Yana chini. Na ule udongo mlioutoa ndo ulikuwa jiwe, ndo kilichokuwa kimelishikilia tangu bado ni mwamba mmoja. Mvua ingehitaji miaka elfu kadhaa kuutoa taratibu, jiwe likashuka na kutulia lenyewe. Nyie mmeutoa kwa siku nne kwa sururu.

Nikawaonyesha ukutani kwenye udongo waliokata: maganda ya rangi rangi yamelizunguka jiwe, njano, kahawia, jeupe, kama mtu kakata kitunguu katikati, na maganda yanapinda kwenda CHINI YA jiwe. Maana yake chini linajipinda nalo, ni duara, sio mzizi. Ukiona maganda yanapinda kwenda chini ujue unachimba chini ya mpira.

Mama Kokoto

Mwanangu hapo umesema. Sisi tumezika wenzetu kwa hilo. Mtu anafuata kokoto za chini kwa sababu ni laini, hazihitaji moto. Laini ndo hatari yenyewe.

Dogo wa Fomu Tatu

Kaka kwani hawawezi kujaza zege chini?

Mjukuu wa Guku

Inawezekana, ila sio kwa kubahatisha. Ukiziba kwa zege bila kuacha njia ya maji, masika maji yanajaa nyuma yake, yale yale ya fundi wa Unguja na saruji yake. Atafute mhandisi aje aangalie kwa macho. Na kabla ya mvua, sio baada.

Jiwe Pasipo

Mimi nipo Isamilo, naona mnatisha watu tu. Nyumba yetu iko chini ya jiwe tangu babu, halijawahi hata kukohoa.

Mjukuu wa Guku

Na huenda lisikohoe mpaka wajukuu zako wazeeke, sipingi. Nenda tu kaangalie mambo mawili bure: je mstari wa rangi kwenye jiwe umepanda kiasi gani juu ya udongo wa leo, na je ule ufa kama upo unapitisha shilingi mia leo ambayo mwaka jana haikupita? Chora alama na rangi ya kucha ya mkeo pande mbili za ufa, andika tarehe, pima.

Jiwe Pasipo

(baada ya siku mbili) Mkuu narudi kwa upole. Nimekuta mstari, uko usawa wa kifua changu. Kwenye kona ambapo tulichimba karo mwaka juzi nimeyaona hayo maganda. Yanapinda kwenda ndani. Nimesitisha kibanda cha kuku nilichotaka kuchimbia pale, mzee ananiuliza kwa nini, nimemwambia nitamwelezea jioni.

Rangi ya kucha nimechukua nyekundu, shemeji yako kanuna.

Kiti cha Mbele

Na bibi je? Ile "haya" ilikuwa na maana gani?

Mjukuu wa Guku

Leo asubuhi nimemkuta kasimama kwenye jiwe lake, anaongea na jirani, ule mstari anaugusa na fimbo. Nikajua nimeshinda. Nikasogea nisikie.

Anamwambia, "Unaona hapa? Mjukuu wangu kasoma, kanionyesha. Limeota kuanzia hapa."